Buibui Mzee na Huruma Inayoua

Tarantula akilala chali, miguu yote minane ikielekea dari, huyo yu hai, na huenda yumo katika saa nzito kuliko zote za mwaka wake: anajivua gamba. Tarantula akifa, kwa kawaida hufa kifudifudi, miguu imejikunja chini ya kifua. Mfugaji asiyezoea hufanya kinyume. Aliyelala chali humgeuza kwa kijiti, humpulizia maji, humtikisa, na wapo waliokwisha kumfukia bustanini akiwa mzima. Aliyejikunja humpita akidhani amepumzika. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia maradhi ya uzee, kuna swali la kutangulia: buibui huyu anapoonekana mgonjwa, ni mara ngapi huwa anaumwa kweli?

Kwa maoni yangu ni mara chache. Kukataa chakula, kuzubaa, kupukutika manyoya, rangi kufifia, kujifungia shimoni, zote hizo ni dalili za buibui anayejiandaa kujivua gamba, na baadhi yake huonekana pia kwa buibui mwenye kiu. Uzee nao huja na sura hiyo hiyo. Basi mfugaji ana hali tatu mbele yake zinazofanana, na dawa zake hazifanani hata kidogo. Mwenye kiu anahitaji maji leo. Anayetaka kujivua anahitaji kuachwa. Mzee anahitaji kurekebishiwa nyumba. Anayekosea kwa kufanya mengi hudhuru zaidi kuliko anayekosea kwa kungoja, na ndiyo maana nasema tarantula wazee huuawa na huruma kuliko uzembe.

Ufugaji wenyewe haujaota mizizi kwetu. Katika nyumba nyingi za Pwani na za bara, buibui mkubwa mwenye manyoya akitokeza hukutana na kandambili. Wanaomfuga kwa wingi wako Uingereza, Ujerumani, Marekani, Kanada na Japani, na kwa miongo kadhaa kipenzi chao kikuu alikuwa tarantula wa Meksiko mwenye magoti mekundu. Mwaka 1984 Stanley Schultz alichapisha kitabu cha mwongozo ambacho kililea kizazi kizima cha wafugaji, na mwaka uliofuata tarantula huyo aliingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES kwa sababu alikuwa akiokotwa porini kupita kiasi. Baadhi ya waliookotwa wakati huo waliishi makashani hadi karne hii. Hao ndio waliowafundisha watu kwamba buibui anaweza kuzeeka.

Lakini baadhi ya wanaofugwa huko ni wa kwetu kabisa. Yuko Pelinobius muticus, jitu la rangi ya kahawia la Kenya na Tanzania, mchimba mashimo marefu ambaye hukua polepole sana. Yuko Pterinochilus murinus, ambaye aina yake ya rangi ya chungwa huuzwa Ulaya kwa jina la milima ya Usambara, na ambaye kwa ukali hana mpinzani. Nitawarudia hawa, maana dalili zinazosomwa kwa buibui wa Meksiko hazisomeki zote kwao.

Kuhusu umri, la kwanza ni jinsia. Jike wa magoti mekundu akitunzwa vizuri hupita miaka 20, na miaka 25 si kioja. Dume wa tumbo hilo hilo la mama akishapevuka hubakiwa na miezi, au akibahatika mwaka mmoja na kitu. Jike huendelea kujivua gamba maisha yake yote. Dume hujivua mara ya mwisho, hapo hupata vifuko vya mbegu kwenye ncha za mikono midogo ya mbele, na kwa aina nyingi ndoana chini ya miguu ya kwanza. Kuanzia siku hiyo hatulii. Anazunguka usiku kucha akitafuta jike, anakula kidogo, tumbo linakonda, na mwisho anaanza kujikwaa. Akijaribu kujivua tena, vile vifuko hunasa ndani ya gamba la zamani na mara nyingi hafiki mwisho. Hapo hakuna cha kutibu. Nalisema hili kwa sababu dume aliyepevuka huuzwa kwa bei nafuu kama "mkubwa aliyekomaa", na mnunuzi asiyejua hukaa miezi sita akijilaumu kwa kifo ambacho kilikwisha kuandikwa kabla hajalipa.

Binamu zao wa mbali wanaonyesha umbali ambao maisha haya yanaweza kufika. Mwaka 1974 mtafiti Barbara York Main alianza kufuatilia buibui wa kuchimba mashimo yenye mfuniko katika hifadhi ya North Bungulla, Australia Magharibi, na mmoja wao, jike aliyepewa namba 16, aliendelea kuonekana kwenye shimo lile lile hadi mwaka 2016. Alikuwa na umri wa miaka 43. Hakufa kwa uzee: mfuniko wa shimo lake ulikutwa umetobolewa na nyigu wa aina inayotaga mayai juu ya buibui. Huyo hakuwa tarantula hasa, na hakufugwa na mtu, lakini siri yake inawahusu wafugaji wote. Aliishi mahali pamoja, akitumia nguvu kidogo, bila kuhamishwa wala kushikwa.

Shida ni kwamba tarantula aliyetoka porini hana tarehe ya kuzaliwa. Jike mkubwa aliyenunuliwa mwaka 2005 huenda alikuwa na miaka minane au kumi na minane. Karatasi ya muuzaji, kama imehifadhiwa, husaidia kwa njia isiyotarajiwa: majina ya kitaalamu hubadilika, na jina la zamani hufichua zama. Jitu la Kenya na Tanzania liliitwa Citharischius crawshayi mpaka mwaka 2010, lilipohamishiwa jina la Pelinobius. Tarantula wengi wa magoti mekundu waliouzwa kwa jina la Brachypelma smithi walibainika mwaka 2017 kuwa ni ndugu yake, Brachypelma hamorii. Kwa hiyo ukiletewa buibui wa marehemu mjomba pamoja na kikaratasi chenye jina la Citharischius, elekea kuamini kwamba umepokea bibi kizee. Biashara ya kuwaokota porini, kwa upande mwingine, haijakoma, na sasa inashuka hadi kwa wadudu wadogo: Mei 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kukutwa na maelfu ya sisimizi waliokusudiwa kwa wafugaji wa ng'ambo. Mnyama wa njia hiyo hufika bila umri, bila asili, na mara nyingine na vimelea ndani yake.

Sasa mwili. Mtu hawezi kumsoma tarantula bila kujua jambo moja la ajabu juu ya miguu yake. Misuli hukunja mguu, lakini katika viungo vyake viwili vikubwa hakuna misuli ya kuunyoosha. Unanyooshwa kwa msukumo wa damu inayosukumwa kutoka kifuani. Damu hiyo ni ya samawati hafifu, kwa kuwa hubeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, nayo haizunguki ndani ya mishipa iliyofungwa kama yetu. Maji yakipungua mwilini, msukumo hushuka. Misuli ya kukunja inabaki bila mpinzani, na miguu huanza kurudi ndani. Kwa hiyo miguu inayojikunja ni kipimo cha msukumo, bila kujali kama chanzo chake ni kiu, jeraha, sumu au mauti yenyewe.

Hapa lazima kutofautisha mikao miwili. Buibui aliyeogopa hujibana: magoti yanapanda juu ya mwili na kufunika uso, lakini nyayo zimekanyaga chini kuzunguka mwili. Huyo umsogezee kivuli na uende zako. Buibui aliye hatarini amekunja miguu kwa chini, ncha zikielekea kukutana chini ya kifua, na mwili umeinuka kidogo juu ya rundo hilo la miguu. Anayeziona hali hizi mbili ubavu kwa ubavu mara moja hazichanganyi tena.

Kipimo cha pili ni tumbo. Ngao ya kifuani haikui wala haipungui kati ya kujivua kumoja na kwingine, hivyo ni rula ambayo mnyama anatembea nayo. Mtazame kwa juu na ulinganishe upana wa tumbo na upana wa ngao. Tumbo likiwa sawa na ngao au limezidi kwa nusu hivi, mambo ni shwari. Likiwa jembamba kuliko ngao na lina mikunjo ubavuni na nyuma, kwanza fikiria maji, halafu ndiyo ufikirie chakula. Likiwa mara mbili ya ngao na linaburuta chini, mfugaji amezidisha ukarimu. Kuna vighairi: aliyetoka kujivua huwa na tumbo dogo, aliyetaga mayai vilevile, na dume aliyepevuka hana tumbo la maana tangu mwanzo.

Dalili ya tatu ni kipara, na hapa ndipo wenyeji wa Amerika wanapoachana na wa kwetu. Tarantula wengi wa bara la Amerika wana vinyweleo juu ya tumbo wanavyovipangusa kwa miguu ya nyuma na kuvirusha hewani, na vikikupata ngozini huwasha kama upupu; vikiingia jichoni, utaenda hospitali. Buibui wa namna hiyo akizeeka na kukaa muda mrefu bila kujivua huota kipara. Kipara cha rangi ya ngozi, kama waridi lililopauka, hakimaanishi kitu. Kipara kinachogeuka cheusi na kung'aa, huku tumbo limekaza, kinamaanisha kwamba manyoya mapya yamekwisha kuota chini ya gamba na siku zimekaribia. Tarantula wa Afrika hawana silaha hiyo, hawana kipara, na mfugaji wao hubaki na ishara hafifu zaidi: rangi imefifia, chakula kimekataliwa, mlango wa shimo umezibwa kwa utando na udongo.

Basi aliyejiziba shimoni aachwe. Kijana hujivua kwa muda mfupi. Mkubwa huchukua saa kadhaa, na mzee anaweza kuchukua sehemu nzuri ya siku. Hutandika zulia jepesi la utando, hujilaza chali, ngao ya kifuani hufunguka kama kifuniko upande wa mbele, na miguu hutolewa kwa msukumo ule ule wa damu. Kumgeuza katikati ya kazi hiyo ni kumvunja. Kumpulizia maji ni kuhatarisha mapafu yake, ambayo matundu yake manne yako chini ya tumbo na wakati huo yameelekea juu. Nyenje mmoja mwenye njaa aliyesahauliwa kashani anaweza kumtafuna akiwa hana hata jino gumu la kujitetea. Meno mapya hutoka meupe, yanakuwa mekundu, kisha meusi. Mpaka yawe meusi hapewi chakula, na kwa mzee siku 14 za kungoja si nyingi.

Gamba lililobaki ndilo cheti cha afya ambacho daktari wa mifugo mwenyewe angekitaka, nalo hutupwa ovyo mno. Liloweke katika maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo kwa nusu saa, kisha ulifungue taratibu kwa brashi ya rangi juu ya sahani nyeupe. Sehemu ya tumbo, iliyokuwa imekunjamana, itatanuka. Utaona viraka vinne vya weupe: ni utando wa ndani wa mapafu, kwa sababu buibui hujivua hata humo. Kati ya viraka viwili vya mbele, jike ana kijikunjo kinachosimama, mfuko wake wa kuhifadhia mbegu, dume hana. Sasa geukia kifuani uchungulie nyuma ya meno. Panatakiwa kuwa na uzi mweupe mgumu wenye uvimbe, ambao ni utando wa koo na tumbo la kunyonyea. Ukiuona, buibui wako amevua mpaka ndani na ataweza kula. Usipouona na baada ya mwezi bado anakataa kila kitu huku akielekea kwenye mawindo, ana kizibo kooni, na hilo si uzee. Mwisho pima urefu wa ngao na uuandike. Magamba mawili ya miaka tofauti yenye urefu ule ule yanasema kwamba mnyama ameacha kukua.

Huko kuandika ndiko kunakotenganisha anayehisi na anayejua. Jike mkubwa hujivua kila mwaka au kila miaka miwili; mzee huongeza nafasi, na mwaka wa tatu unaweza kupita. Kwa hiyo swali la "mbona hali?" halina jibu bila daftari. Kama alijivua miezi 20 iliyopita na tumbo limejaa, huenda anajiandaa. Kama alijivua miezi miwili iliyopita na tumbo linapungua, kuna jambo. Tarantula wa Chile wa rangi ya waridi amewatoa jasho wafugaji wa nchi za kaskazini kwa kukataa chakula kwa miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka, halafu siku moja akala kana kwamba hapakuwa na neno. Buibui mkubwa mwenye tumbo lililojaa na maji mbele yake hafi kwa njaa ya miezi mitatu. Mfugaji anayemtupia mende mmoja kila jioni ili "ajaribu" anamchosha, na akiwa karibu kujivua anamtia hatarini.

Kiu ni habari nyingine, na ndiyo hali pekee ambayo mkono wa mtu husaidia waziwazi. Vitabu vya zamani na desturi za wafugaji viliagiza kikopo cha plastiki kilichotandikwa karatasi nyevu na kufungwa, aina ya wodi ya mahututi. Siipendi. Hewa ya humo huganda, ukungu huota kwa siku mbili, na mnyama aliyedhoofika hukaa katika mvuke usiomnywesha, kwa maana tarantula hunywa kwa mdomo. Kilicho bora ni kisahani kipana kisichozidi kina cha kifuniko cha chupa. Msukume mgonjwa juu ya kipande cha karatasi ngumu mpaka mbele ya kifua ipate ukingo wa maji, mdomo, ambao uko chini katikati ya mashina ya meno, uguse maji, na tumbo libaki pakavu na limeinuka ili matundu ya mapafu yasizame. Halafu ngoja. Akianza kunywa utaona maji yakitetema kwa wepesi mno pale mdomoni, na anaweza kuendelea kwa saa nzima. Mguu mmoja hujinyoosha kwanza, kisha mwingine. Asiponywa kabisa na miguu inaendelea kujikunja, tatizo halikuwa kiu.

Yapo basi maradhi ya kweli, nayo ni machache. Ninaloliogopa zaidi ni la minyoo midogo ya mdomoni, ambayo daktari wa wanyama Romain Pizzi na wenzake waliieleza katika jarida la madaktari wa wanyama la Uingereza mwaka 2003. Buibui huacha kula, husimama kwa vidole kama anayekwepa ardhi, na baina ya mashina ya meno hutokea ute mzito mweupe wenye harufu. Mwenye hadubini ataona minyoo ikijinyonganyonga katika tone la ute huo. Tiba iliyothibitika hakuna. La kufanya ni kumtenga, kutotumia koleo lile lile kwa wengine, na kuvizuia vijinzi vidogo vinavyoruka kati ya makasha, kwa kuwa vinashukiwa kuieneza. Ute mweupe wa kinyesi ukutani mwa kioo, kwa upande mwingine, ni jambo la kawaida. Tazama umetoka upande gani wa mnyama kabla ya kupiga mayowe.

La pili ni kuyumba: miguu inarushwa ovyo, mnyama anatetemeka, anapinduka, anatembea kinyumenyume. Wafugaji wamelipa jina la ugonjwa, ila kwa ukweli ni mkusanyiko wa dalili, na mshukiwa mkuu ni sumu ya wadudu. Mtu amempaka mbwa dawa ya viroboto, hakunawa, akabadilisha maji ya buibui. Au jirani amepuliza dawa ya mbu. Au nyenje wameokotwa kwenye shamba lililonyunyiziwa. Dawa nyingi za nyumbani zina sumu ya pareto au ndugu zake wa kiwandani, na pareto yenyewe ni ua la nyanda za juu za Kenya na Tanzania, la Nakuru na Iringa. Halina macho ya kuchagua kati ya mbu na buibui. Msaada ni hewa safi, udongo mpya, maji, giza na subira. Wengine hupona.

Utitiri umetiwa chumvi. Wale weupe wanaotembea juu ya udongo baada ya mabaki ya chakula kuoza ni wachafuzi tu. Ondoa mabaki, kausha udongo, watatoweka. Wanaotia shaka ni wale waliojishikiza mdomoni na kwenye maungio ya miguu. Kuvu ya mwilini hali kadhalika huletwa na unyevu wa kupita kiasi, na wazee, ambao gamba lao limekaa muda mrefu bila kubadilishwa, huipata kirahisi.

Hata hivyo, kama ningeombwa kumlinda tarantula mzee dhidi ya jambo moja tu, ningechagua kuanguka. Tumbo lake zito limefunikwa na ngozi laini tu, na akidondoka nusu mita juu ya jiwe hupasuka. Na mzee huanguka kuliko kijana, kwa sababu vinyweleo vya nyayo vinavyomshikiza kwenye kioo huchakaa na havirudi mpaka ajivue. Jaza udongo kashani: unga wa makumbi ya nazi uliochanganywa na udongo safi unafaa, mpaka nafasi kati ya udongo na kifuniko isizidi upana wa miguu yake iliyonyooshwa, au nusu yake zaidi. Toa mawe na vifuu vyenye kingo kali. Kifuniko cha wavu wa chuma kitupwe, maana kucha hunasa humo na mnyama hubaki ananing'inia. Halafu usimshike. Najua wapo wanaomtembeza mkononi mbele ya wageni kwa miaka bila ajali. Mimi nasema mnyama asiye na faida yoyote ya kushikwa hana sababu ya kubebeshwa hatari hiyo, sembuse akiwa na miaka 20.

Damu ikitoka mguuni, wanga wa mahindi au tone dogo la gundi kali huziba. Mguu ulioharibika kabisa buibui huung'oa mwenyewe kwenye kiungo cha karibu na kifua, na mguu mpya, mwembamba kwanza, huota anapojivua. Kijana hupata mguu kamili baada ya kujivua mara chache. Kizee hana mara chache za kutumia, na hapo ndipo umri unapobadilisha hesabu. Hali ni hiyo pia kwa gamba lililonasa mguuni: lilainishe kwa maji kwa ncha ya brashi, mbali na mapafu, wala usivute.

Chakula cha mzee kipungue na kiwe laini. Mende mmoja wa kufugwa au nyenje mmoja kwa wiki mbili au tatu watosha, na aliyepungukiwa nguvu apewe aliyekwisha kuuawa, awekwe mbele ya miguu jioni na aondolewe asubuhi. Maji yawepo daima. Joto la chumba ambalo mtu hukaa bila koti linamtosha. Taa ya kupasha joto hukausha mwili ambao tayari unapambana kutunza msukumo.

Ama wale wa kwetu, namna ya kuwasoma ni nyingine. Pelinobius anaweza kukaa wiki nyingi bila kuonekana, kwa hiyo mwenye hekima husoma mlango: udongo mpya uliosukumwa nje, utando uliorekebishwa, mabaki ya mende yaliyotupwa. Asubuhi zenye alama hizo ni asubuhi za afya. Mlango uliozibwa ni wa kungojwa, hata miezi. Asichimbuliwe kwa wasiwasi, kwa sababu shimo likiporomoka juu ya buibui aliye katikati ya kujivua hakuna litakalookolewa. Na ukali wao ni kipimo. Jitu hili likichokozwa husimama, hufunua meno na kutoa sauti ya mkwaruzo kwa kusugua manyoya ya miguu. Mwaka ambao jike aliyekuwa akisimama kwa kila upepo anaguswa kwa brashi na hasogei, mfugaji wake asifurahi kwamba amekuwa mpole.

Unafika wakati ambapo kila kilichoweza kufanywa kimefanywa: jike mzee amejaribu kujivua na kunasa, au ana minyoo, au hawezi tena kujinyoosha hata baada ya maji. Madaktari wanaomjua buibui ni wachache, lakini wapo, na wanaweza kumlaza kwa dawa ya usingizi ya hewa ile ile inayotumiwa kwa paka. Wafugaji wengi hutumia jokofu la kugandisha. Ubishi juu ya jambo hilo ni mkubwa, na mwongozo wa chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani, AVMA, kwa wanyama wasio na uti wa mgongo huelekea kwenye hatua mbili: kwanza mnyama apotezwe fahamu, kisha ndipo mfumo wa neva uharibiwe. Mwenye daktari karibu asitumie jokofu.

Na kama amejifia mwenyewe, asitupwe siku hiyo. Tarantula dhaifu anaweza kukaa kimya kwa saa nyingi, na msukumo ukirudi baada ya maji akajinyoosha. Mwache siku mbili kwenye kasha lake, mdomo karibu na maji. Aliyekufa hutoa harufu, na viungo vyake hulegea au kukauka bila kujibu brashi. Kama alikuwa na ute mdomoni, udongo wote uteketezwe na kasha lioshwe kwa maji yanayochemka kabla ya kuwekwa mwingine. Kama alimaliza tu miaka yake, kasha lisafishwe kawaida, na daftari lake la tarehe lisitupwe: bado tunajua machache mno juu ya miaka ya mwisho ya jike wa tarantula, na mengi ya hayo yametoka kwenye madaftari ya namna hiyo.